Rehani ya Kihamba

Mnunuzi wa ng'ombe hutazama meno na kwato za mnyama kabla ya kutoa fedha yake. Mnunuzi wa nyumba hutazama paa na kuta, akadhani amekwisha kuitazama nyumba yote. Kumbe nyumba ina sehemu mbili. Moja huonekana kwa macho, nayo ni jengo. Ya pili haionekani, nayo ni haki ya kukaa ndani yake. Jengo laweza kuwa zima na haki ikawa na nyufa, na nyufa za namna hiyo hazizibwi na mwashi yeyote.

Katika Tanzania hapana mtu anunuaye ardhi yenyewe. Amri ya Wajerumani ya mwaka wa 1895 iliifanya ardhi iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe kuwa mali ya dola. Sheria ya Waingereza ya mwaka wa 1923 ikaiweka ardhi chini ya mamlaka ya Gavana. Na sheria mbili za mwaka wa 1999, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zasema kuwa ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Basi auzaye nyumba huuza haki ya kuitumia ardhi pamoja na vitu vilivyo juu yake. Mjini Moshi haki hiyo huandikwa katika hati, na hati huwa na nakala yake kwa Msajili wa Hati. Huko milimani, katika ardhi ya kijiji, haki aghalabu ni ya kimila. Sheria haikuidharau haki ya kimila. Imeipa hadhi sawa na ile ya hati. Walakini haki ya mjini hushuhudiwa na karatasi, na ya mlimani hushuhudiwa na watu, na watu hufa.

Asiyekaa Uchagani yafaa aelezwe kihamba ni nini. Ni bustani na nyumba kwa pamoja: migomba juu, kahawa chini yake, ng'ombe zizini, na maji ya mfereji yaliyochimbiwa njia na mababu. Masale hupandwa mipakani, na mche huo huo hupelekwa kwa mtu aliyekosewa ili kumwomba msamaha. Wazee huzikwa humo humo. Kwa hiyo kihamba kina wenyewe wa namna tatu: waliolala chini, wanaokaa juu, na wasiozaliwa bado. Mwenye fedha huonana na wa namna ya pili tu.

Jambo hili lilibisha hodi nyumbani kwetu Kibosho. Mdogo wangu, kitindamimba wa mama yetu, alikuwa ameweka nyumba yake ya mjini rehani kwa ajili ya duka lake la vifaa vya ujenzi. Deni halijaisha, biashara ikalegea, akatafuta mkopo wa pili kwa mkopeshaji mwingine. Huyo alijibu kuwa nyumba ile haitoshi, maana katika rehani mbili za nyumba moja aliyesajiliwa kwanza hulipwa kwanza, na wa pili hupokea mabaki. Akataka dhamana nyingine. Ndipo mdogo wangu alipokitaja kihamba cha marehemu baba, anapokaa mama.

Tulikutana jioni, nikapewa karatasi nizisome kwa sababu ya ualimu wangu.

"Kaka," aliniambia, "desturi yetu waijua. Nyumba ya baba ni ya mtoto wa mwisho. Naweka rehani kilicho changu."

Desturi aliisema sawasawa. Kwa Wachaga mtoto wa kwanza na wa mwisho wana mafungu yao mashuhuri, na wa mwisho hubaki katika nyumba ya wazazi. Lakini swali la kwanza la sheria si nani atarithi, ila nani amekwisha kurithi. Baba alikufa na hapana msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mali ya marehemu iliyo katika hali hiyo haiuzwi wala haiwekwi rehani na mtoto mmoja, hata awe na haki kubwa kuliko wenzake. Na kama mirathi ingekwisha, haki ya kimila haitoki mkononi kwa siri: halmashauri ya kijiji hupaswa kuidhinisha. Mauzo mengi yaliyofanywa kwa mashahidi wawili na debe la mbege yameanguka barazani kwa kukosa idhini hiyo.

Swali la pili lilikuwa la ridhaa. Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 1971 humkataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi humtaka mkopeshaji apeleleze kama mkopaji ana mwenzi. Hata hivyo karatasi za nyumba ya mjini zilikuwa na nafasi ya sahihi ya mke, na mke hakuwa ameelezwa neno.

"Shemeji," alisema kwa upole, "sikatai kumsaidia mume wangu. Nakataa kutia sahihi nisipopaelewa."

Nilimwona ana busara. Mwaka wa 1983, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani iliamua kuwa kazi ya mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Na mama naye hakuwa mgeni katika kihamba alichokipalilia maisha yake yote: Sheria ya Ardhi ya Vijiji hubatilisha desturi yoyote imnyimayo mwanamke haki ya kuipata au kuitumia ardhi.

Swali la tatu ni la mwisho wa deni. Rehani si mauzo. Haki hubaki kwa mwenyewe, ikifungwa kwa kamba ya deni. Lakini kamba hiyo ina ncha. Asipolipa hupewa notisi ya siku 60, na akishindwa tena mkopeshaji aweza kuuza. Nilipomfasiria mama maneno haya, aliuliza, "Kaburi la baba yenu liko nyuma ya mgomba ule. Karatasi hii yalijua?" Hapana aliyemjibu.

Mkopo ule haukuchukuliwa. Tulikwenda mahakama ya mwanzo kuomba msimamizi wa mirathi, na mdogo wangu akaiomba benki yake imwongezee muda wa kulipa, akapunguza duka hata likabaki chumba kimoja. Alikasirika, na hasira yake haijaisha yote. Siwezi kusema kuwa hana hoja. Kijana mwenye kihamba kisichoweza kumpa mtaji ni kama mtu mwenye kisima kisicho na kamba. Ardhi imekuwa haba mlimani, na migomba hailipi karo kama kahawa ilivyolipa zamani. Asemaye kuwa kihamba kisiguswe kamwe hana budi aseme pia vijana wale nini.

Mimi nasema kiguswe kwa mwanga wa mchana. Anayenunua aende kwa msajili au kwa halmashauri ya kijiji kabla ya kutoa fedha. Atembee mipakani pamoja na majirani, masale kwa masale. Aulize kama muuzaji ana mwenzi, na kama marehemu ana msimamizi. Anayekopa aulize ni siku ngapi zilizo baina ya kukosa kulipa na mnada. Tangu mwaka wa 2021 Kiswahili kimewekwa kuwa lugha ya sheria na mahakama zetu. Basi mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya wote watakaolala nje siku ya mnada, si mbele ya atakayepokea fedha peke yake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kuwa daftari bila ridhaa ya nyumba nzima hupoteza ndugu, na ndugu hana msajili wa kumrudisha.