Upepo Mmoja, Mlima na Bahari

Watu wengi wa milimani hudhani ya kuwa habari za mawimbi ni za watu wa pwani peke yao. Sisi Waluguru tuna mvua, migomba na mito. Bahari twaisikia tu. Lakini nyumbani kwetu, upande wa Matombo, mawimbi yaliwahi kuleta ugomvi, na kwa sababu hiyo nimependa kuwaandikia wenzangu na wazazi wetu habari hizi.

Kaka yangu ni mvuvi Bagamoyo. Yeye ndiye anisaidiaye nauli, madaftari na sabuni nikiwa hapa bwenini. Tangu Desemba mpaka Machi fedha zake hufika bila taabu. Mwaka jana, ulipoingia mwezi wa Juni, zikawa haba, na Julai zikakoma kabisa. Baba alikasirika, akasema kijana ameharibika. Mama akasema, "Mwanangu si mlevi." Kaka alipopigiwa simu alijibu neno moja tu: "Kusi." Baba hakuridhika, maana huku kwetu miezi hiyo ni ya kipupwe, baridi na ukungu, wala hakuna upepo wa kumzuia mtu kazi yake.

Nilimwuliza mwalimu wetu wa jiografia, naye akanieleza hivi. Katikati ya mwaka bara la Asia hupata joto kali, na hewa huvutwa kutoka kusini kwenda huko. Huo ndio upepo wa kusi. Kuanzia Desemba Asia hupoa, na upepo hugeuka ukatoka kaskazini-mashariki. Huo ndio kaskazi. Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi.

Wimbi hukuzwa na mambo matatu: nguvu ya upepo, muda wa kuvuma kwake, na upana wa bahari unaopulizwa. Upepo wa kusi una yote matatu. Tena, miezi hiyo hiyo ni majira ya baridi katika bahari ya kusini ya mbali, kwenye dhoruba kubwa. Mawimbi yazaliwayo huko husafiri kadiri ya kilometa 4,000 kwa siku kadhaa, yakaweza kufika Afrika Mashariki hata siku ambayo upepo wa kwetu umetulia. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini dalili ya wimbi si lazima iwe upepo wa hapo hapo.

Kisiwa cha Unguja huikinga Bagamoyo upande wa mashariki, lakini bahari iliyo baina ya kisiwa na bara iko wazi kwa kusini, na upepo huingia humo. Tarehe 18 Julai 2012 meli iitwayo Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe katika upepo na mawimbi makali, na watu wengi wakafa. Ikiwa meli ilishindwa, ngalawa itafanyaje?

Wala miaka haifanani. Mara nyingine maji ya Bahari ya Hindi upande wetu hupata joto kupita kawaida, na ya upande wa Indonesia hupoa. Ndipo upepo nao hubadilika. Ilikuwa hivyo mwaka 2019, na mvua za vuli zikazidi sana katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuja mpaka pwani yetu, na vyombo vya kwenda Unguja vikasimamishwa. Kwa hiyo mvuvi hapaswi kutegemea kalenda peke yake. Hana budi kusikiliza matangazo ya hali ya hewa kila siku.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba upepo utokao baharini ndio unaotulisha. Ukigonga milima ya Uluguru, yenye kilele cha zaidi ya mita 2,600, hupanda, hupoa, na kunyesha. Ndiyo sababu miteremko ya mashariki, kama kule juu Kinole, hupata mvua nyingi kuliko mji wa Morogoro ulio upande wa pili. Mto Ruvu huyakusanya maji hayo, ukawanywesha watu wa Dar es Salaam, na mwisho ukayamwaga baharini karibu na Bagamoyo, aliko kaka.

Wakati wa likizo nilimsomea baba maneno haya yote kutoka daftari langu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Masika yakifunga njia ya shamba siku tatu, hakuna aniitaye mvivu. Basi naye ana masika yake."

Tangu siku ile mambo yamepangwa upya. Kaka huweka akiba yangu mwezi wa Februari, wakati kaskazi ingali inampa samaki. Nao mwezi wa Juni ukifika, mama hufunga mkungu wa ndizi, akautia katika basi la Bagamoyo, ili mwanawe asiende baharini kwa ajili ya njaa.