Fulana ya Iniesta

Julai 11, 2010, karibu saa sita usiku, kibanda umiza chetu pale Hanga kililipuka kwa kelele. Dakika ya 116, Andrés Iniesta kaipa Hispania Kombe la Dunia, Johannesburg. Akavua jezi. Fulana ya ndani ilikuwa na jina la Dani Jarque, nahodha wa Espanyol, mahasimu wa Barcelona yake, aliyefariki Agosti 2009. Akalambwa kadi ya njano.

Mimi nilinyamaza. Mwaka ule tulimzika kaka yangu, kiungo wa timu ya kijiji, na nyumbani hakuna aliyethubutu kumtaja. Nikarudi, nikamwambia mama, “Leo kaka angefurahi.” Akalia, kisha akacheka.

Oktoba 2024 Iniesta alipostaafu, mama ndiye aliyenipigia simu.