Magoti ya Bibi

Kila baada ya wiki tatu nampaka Bibi piko. Namkalisha kwenye kigoda uani, namfunga leso kuukuu mabegani, nachanganya ile poda, halafu naanza kwenye mizizi. Kwa muda mrefu nilidhani ni mapenzi ya urembo tu. Mzee wa Shanzu naye ana haki ya kupendeza, ama?

Jioni moja, vidole vyangu vikiwa vyeusi tititi, akalalamika magoti. Si jambo jipya. Zile ngazi mbili za mlangoni kwetu anazipanda kama mtu anayekwea mnazi. Ashapigwa eksirei, ashapewa vidonge vya maumivu, ashaambiwa gegedu imelika na huo ni umri. Mimi nami nilikuwa nimekesha nikisoma mambo hayo kwenye simu, basi nikajifanya daktari.

"Bibi, shida ni seli zilizozeeka zikakataa kufa."

Nikamweleza. Mwaka 1961, Leonard Hayflick na Paul Moorhead kule Philadelphia walionyesha kwamba seli za binadamu zikikuzwa maabara hujigawa takriban mara 50, kisha zinaacha. Hazifi. Zinakaa. Na hazikai kimya: nyingi hutoa kemikali zinazoleta uvimbe na kuharibu seli jirani. Zimeonekana kwenye magoti yaliyolika, kwenye mapafu yenye makovu, kwenye mishipa ya damu iliyokakamaa. Mwaka 2011 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, waliziondoa kwa panya waliozaliwa na kasoro ya kuzeeka haraka, na panya wale wakachelewa kudhoofika. Tangu hapo dawa za kuziua zinasakwa. Zinaitwa senolitiki.

"Yaani," nikamaliza kwa mbwembwe, "dawa inawasaka wale wazee wanaosumbua mtaa, inawatoa, mtaa unapona."

Bibi akanyamaza. Piko ilikuwa inamtiririka nyuma ya sikio na hakuipangusa.

"Hivyo ndivyo walivyosema juu yangu," akasema.

Nyumbani tuliambiwa Bibi alitoka Kilifi kuja kusaidia kutulea. Kumbe mtoto wa jirani aliugua akafariki, na watu wakaanza kumtazama yeye: mvi zake, macho yake mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote ile. Mpwa wake akaja usiku kumwambia jina lake limetajwa. Alivuka daraja la Mtwapa alfajiri na mfuko mmoja. Jirani yake, mzee kama yeye, alisema hawezi kuliacha shamba lake. Bibi hakumaliza hadithi hiyo, nami sikumuuliza.

Haya si mambo ya zamani. Kilifi na Kwale wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna ardhi inayotakiwa. Kule Ganze kuna Kaya Godoma, pahali wanapokimbilia walionusurika. Kutoka kwetu Shanzu hadi mpaka wa Kilifi ni kuvuka daraja tu.

Usiku ule nilirudi kusoma, safari hii nikitafuta nilipokosea. Nilikuwa nimekosea sana. Seli kuacha kujigawa ni kinga kwanza: iliyoharibika ikisimama, haigeuki saratani. Mwaka 2014 utafiti kwa panya ulionyesha kwamba seli hizi hujitokeza mapema kwenye kidonda na kusaidia kukifunga. Zikiondolewa, kidonda kinachelewa kupona. Hata kijusi cha panya huwa nazo wakati viungo vinaumbika. Kwa hiyo swali si seli ina umri gani. Swali ni iko wapi, inatoa nini, na kwa nini kinga ya mwili haijaisafisha.

Na dawa yenyewe? Mwaka 2020 kampuni ya Unity Biotechnology ilitangaza matokeo ya kuwadunga wagonjwa wa magoti dawa yake ya kuua seli hizo. Baada ya wiki 12, maumivu hayakupungua kuliko kwa waliodungwa dawa bandia. Utafiti unaendelea kwa maradhi mengine. Lakini vile vidonge vya "kurudisha ujana" nilivyokuwa nataka kumwagizia Bibi mtandaoni, niliachana navyo.

Asubuhi nikamwomba msamaha. Nikamweleza upya, pole pole, na kwa kumchangamsha nikamtajia yule fuko asiye na manyoya wa ardhi yetu hii ya Kenya. Anaishi zaidi ya miaka 30, na panya wa ukubwa wake ni nadra kupita mitatu. Mwaka 2023 watafiti wa Japani walionyesha kwamba seli zake zikishazeeka, hufa zenyewe kidogo kidogo.

Bibi akacheka. "Hao wana adabu, wajua kuaga." Kisha akayasugua magoti yake. "Lakini sikiza, mwanangu. Zaaga zenyewe. Hakuna aliyekuja usiku kuzigongea mlango."

Sikuwa na jibu.

Wiki iliyopita tulipata habari ya msiba upande wa pili wa daraja. Ni dada yake wa mwisho, lazima aende. Mama alisema magoti hayataweza safari. Bibi akasema magoti yatafika tu, yeye kinachomhangaisha ni kichwa. Ilikuwa ni wiki moja tu tangu tumpake, lakini nikatoa kigoda, nikamfunga leso, nikachanganya.

"Paka vizuri hapo nyuma ya masikio," akaniambia, akiinamisha shingo. "Hapo ndipo wanapoangalia."