Afisa Aliyeacha Upanga Akapanda Magnolia

Msomaji mpenzi, ukijaliwa kuzuru Paris au London mwishoni mwa Machi, utakuta miti isiyo na majani lakini imesheheni maua makubwa kama vikombe, meupe yenye rangi ya zambarau shinani. Hiyo ndiyo magnolia.

Usidhani asili yake ni Ulaya. Wazazi wake wawili walitoka Uchina, ambako mmoja wao, mti wa maua meupe, umepandwa katika bustani za mahekalu kwa zaidi ya miaka 1,000.

Huko Fromont, karibu na Paris, aliishi Étienne Soulange-Bodin, aliyewahi kuwa afisa katika jeshi la Napoleon. Vita vilipokwisha mwaka wa 1815, alishika jembe. Alichukua chavua ya ua la zambarau akaitia katika ua jeupe. Mche uliotokana na mbegu hizo ulichanua mara ya kwanza mwaka wa 1826, nao ukapewa jina lake.

Milki ya Napoleon ilikwisha zamani, bali mti wa afisa wake ungali unachanua kila mwaka. Nawe msomaji, wajukuu wako watakuta umepanda nini?