Nani kawaambia sisimizi wahame?

Baba alitangaza habari hiyo wakati wa chakula cha usiku: mwisho wa mwezi wanahama. Nyumba ameshaiona, kodi ya miezi sita ameshalipa. Mama alinyamaza. Binti yao wa darasa la saba alisukuma sahani kando, akaenda kulala.

Usiku ule mvua ilinyesha. Asubuhi mdogo wake wa miaka sita akakuta msururu wa sisimizi ukutani, wamebeba vitu vyeupe kama punje za mchele.

"Baba, na hawa wanahama? Nani kawaambia?"

Baba alidhani ni malkia. Akatafuta kwenye simu, akakuta habari za sisimizi wa miambani huko Uingereza, wa milimita 2 au 3 tu, ambao watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol wamewachunguza kwa miaka mingi.

Malkia wao haamui. Kiota kikiharibika, baadhi ya wafanyakazi hutoka kutafuta. Anayepata ufa hukagua ukubwa wa sakafu, giza la ndani na upana wa mlango. Akiridhika hurudi kumchukua mwenzake mmoja, wakaongozana polepole. Wa nyuma akisimama kuitambua njia, wa mbele humngoja, ingawa peke yake angefika mapema zaidi. Mgeni naye hujikagulia mwenyewe. Mahali pakiwa pazuri, hawakawii kuita wengine. Pakiwa pabaya, huchelewa. Waliofika kule wakitosha idadi, ndipo huanza kubeba: mayai, mabuu, wenzao waliobaki, na malkia mwenyewe.

Baba alirudia kusoma pale pa kumngoja wa nyuma. Yeye alikuwa ameanza na kubeba.

Jumamosi aliwapeleka wote. Binti alihesabu daladala mbili hadi shuleni, akauliza, "Na mtihani wa Septemba, baba?" Mama alifungua bomba la jikoni. Halikutoa maji. Baba hakuwa amelifungua siku ile.

Walikaa barazani wakazungumza. Mwenye nyumba atengeneze bomba kwanza. Binti akae kwa mama yake mdogo, jirani na shule, hadi mtihani upite.

Usiku huo binti alimaliza chakula. Kisha akauliza chumba chake kitakuwa kipi.