Mteremko Unapokwisha

Kwetu Gitting hakuna anayeumiza kichwa kuhusu maji machafu yanakokwenda. Mlima Hanang uko juu yetu, zaidi ya mita 3,400, na ukimwaga beseni uani maji yanajitafutia njia. Choo ni shimo. Likijaa unachimba jingine, maana eneo lipo. Ndiyo maana nilipohamia Dar es Salaam kwa kazi ya uandishi wa habari, maneno "kituo cha kusukuma majitaka" yalinishangaza. Yasukumwe ya nini, na maji hushuka yenyewe?

Jibu ni kwamba mteremko huisha. Bomba la majitaka hulazwa likiinama kidogo kidogo ili uchafu usituame ndani yake, kwa hiyo kadiri linavyokwenda mbali ndivyo linavyozama ardhini. Katikati ya Dar ni tambarare, karibu na usawa wa bahari. Ukiliacha bomba liendelee tu, utachimba mtaro wenye kina cha ghorofa, kwenye mchanga uliojaa maji. Basi linakatishwa kabla, linamwaga kwenye shimo la zege. Majitaka yakipanda, boya linainuka, pampu inawaka na kuyapandisha hadi kwenye bomba la juu, yaanze kuteremka upya.

Nimewahi kuingia kwenye kituo kimoja. Kwa nje ni kibanda tu, unaweza kukipita miaka kumi bila kukitazama. Ndani kuna pampu mbili, moja ikifanya kazi nyingine imepumzika, na chujio lililojaa nepi, pedi na matambara.

"Mwandishi, watu wanadhani choo ni dampo," aliniambia fundi wa zamu. "Wakishavuta maji wanasahau. Sisi huku hatuna nafasi ya kusahau."

Nikamuuliza umeme ukikatika inakuwaje. Akanionyesha jenereta. Na dizeli ikiisha? Akacheka. Chemba za barabarani zinaanza kutapika, akasema, na zinaanzia kwa walio bondeni.

Maneno hayo ya mwisho nimekaa nayo sana. Desemba 3, 2023, tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikafunika makazi ya Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Sisi watu wa mlimani huusifia mteremko kwa sababu unatuondolea vitu machoni, lakini kila kinachoondoka kwangu kinashukia kwa mtu.

Dar nayo inalijua hilo. Nyumba nyingi hazijaunganishwa na mtandao wa majitaka. Mwenye hela anaita gari la kunyonya. Gari lisipopita uchochoroni, wanaitwa vyura, vijana wanaoingia shimoni na ndoo. Asiye na hela anangoja mvua kubwa, anatoboa shimo lake, mafuriko yaondoke na kinyesi. Kuna jina kabisa: kutapisha choo. Wa bonde la Msimbazi ndio wanaopokea.

Tukiwekwa mbele ya mambo haya, pampu haionekani tena kuwa chuma tu. Ni uamuzi wa jiji kwamba aliye chini hatabebeshwa uchafu wa aliye juu kwa sababu tu ardhi imeinama. Uamuzi huo una gharama: umeme, vipuri, mtu wa kukesha. Bomba la majisafi huzinduliwa kwa ngoma na hotuba. Kibanda cha majitaka hukumbukwa siku kikizima.

Na hili si la Dar peke yake. Katesh inajengwa, Babati inajengwa, viwanja vinakatwa vidogo vidogo. Kwenye kiwanja cha hatua ishirini kwa ishirini, shimo likijaa mara ya pili, la tatu litachimbwa wapi? Afadhali tuulizane sasa, mashimo yakiwa bado hayajajaa.