Wadudu wa Mtoni ni Mashahidi wa Maji

Mtu akitaka kujua habari za mji huwauliza wenyeji, hamwulizi msafiri aliyefika jana. Na mto ni vivyo hivyo. Maji uyaonayo leo yamefika hivi punde, nayo hayawezi kukuambia yaliyotokea mwezi uliopita. Bali chini ya mawe wako wenyeji: mabuu ya wadudu, konokono, ruba na kaa wadogo. Hao hawana uti wa mgongo, wala hawawezi kuhama upesi kama samaki. Jambo likiupata mto, huwapata na wao. Basi mwenye kuwajua aweza kusoma habari za mto kama asomavyo kitabu.

Hapa Makanya somo hili latugusa sana. Sisi tu watu wa nchi kavu chini ya milima ya Upare, na maji yetu hutoka juu, upande wa kilele cha Shengena na msitu wa Chome, ambako mvua ni nyingi kuliko kwetu. Vijito vyashuka kupita Vudee na Bangalala, na njiani watu huyakinga maji katika ndiva, yale malambo ya kale ya Wapare, yajazwayo usiku ili mashamba yamwagiliwe mchana. Huku kwetu mto huja kwa kishindo wakati wa mvua za vuli na masika, mwekundu kwa udongo, na wakulima huyageuza mafuriko yale yakaingia mashambani. Kisha hubaki mchanga. Kwa hiyo atakaye kuwatazama wadudu hawa katika majira yote na apande mlimani.

Nimepanda mara nyingi pamoja na wanafunzi wangu, tukichukua chujio na sahani nyeupe. Mahali penye mawe, kivuli na maji yaendayo mbio, twakuta buu bapa mwenye mikia mitatu na matamvua ubavuni, amekumbatia jiwe asichukuliwe na mkondo. Twakuta na mwingine ajijengeaye nyumba ya chembe za mchanga, akiziunganisha kwa uzi wake mwenyewe. Wengi wa namna hiyo wataka maji ya baridi yenye hewa nyingi, na majani yaangukayo kutoka miti ya ukingoni huwalisha baadhi yao. Palipolimwa hata ukingoni, tope huziba nafasi zilizo kati ya mawe, nao hukosa makao. Hubaki wavumilivu, kama mabuu wekundu wa topeni, ambao wekundu wao ni wa damu yao, ishikayo hewa hata mahali ilipo haba.

Majira nayo hubadili mambo. Wakati wa masika, gharika huyabingirisha mawe na kuwachukua wengi. Walionusurika hujificha ndani ya changarawe au pembeni penye maji matulivu. Mvua zikiisha, wadudu wenye mabawa huja wakataga mayai, na idadi huongezeka tena. Wakati wa kiangazi maji hupungua na kuwa angavu, na wadudu husongamana katika yale yaliyosalia. Lakini kijito kikikatika kikawa vidimbwi, jua huyatia maji joto, na hewa iliyomo hupungua. Wapendao mkondo hufa, na mahali pao hushikwa na wale wavutao hewa juu ya maji, kama viluwiluwi wa mbu.

Hapo ndipo penye hatari ya kuhukumu vibaya. Mtu akikuta wadudu wachache baada ya gharika, asikimbilie kusema kwamba watu wa juu wameuchafua mto. Wala akiona maji angavu ya kiangazi, asidhani kwamba mto ni mzima. Yapasa kulinganisha masika kwa masika na kiangazi kwa kiangazi, mahali pale pale. Mwaka 2015 Lulu Kaaya na wenzake walitangaza kipimo kiitwacho TARISS, kilichotengenezwa kwa mito ya Tanzania. Kila jamaa ya wadudu hupewa alama, nyingi kwa wasiovumilia uchafu, chache kwa wavumilivu. Kisha jumla hugawanywa kwa hesabu ya jamaa zilizoonekana. Kugawanya huko mtoto wa shule akuweza.

Walimu wenzangu, wadudu hawa hawashuhudii kwamba maji yafaa kunywa. Ya kunywa na yachemshwe. Lakini katika mashauri ya maji kati ya watu wa juu na watu wa chini, wao ni mashahidi wasio na upande. Wakituonyesha kwamba kijito hufa kila kiangazi chini ya mfereji, na tupatane kuacha maji kidogo yapite. Wakipungua palipolimwa hata ukingoni, na tupande miti. Basi kila shule iliyo karibu na kijito na ichague mahali pake, na daftari lake lisipotee mwalimu ahamapo.